Viura, Malvasía na pipa la mwaloni: kuuelewa mvinyo mweupe wa Rioja na vyakula vyake

Chupa mbili za mvinyo mweupe wa Rioja, kutoka kaskazini mwa Uhispania, zinaweza kusimama pamoja kwenye rafu moja, zikiwa na jina moja la eneo na zabibu zilezile zilizotajwa kwenye karatasi ya nyuma, na bado zikawa vinywaji viwili visivyofanana hata kidogo. Mvinyo wa chupa ya kwanza una rangi ya majani makavu yaliyopauka, unanukia tofaa bichi na ganda la limau, na ukiuonja mate yanakutoka. Wa chupa ya pili una rangi ya dhahabu iliyokolea, unanukia asali, nta ya nyuki na lozi zilizokaangwa, ijapokuwa hauna sukari ya kuonjeka, nao hukaa mdomoni muda mrefu baada ya kumezwa. Muuzaji huandika "mweupe" juu ya zote mbili. Mnunuzi hukumbuka ushauri wa kale kwamba mweupe ni wa samaki, humpikia mgeni wake samaki laini wa mvuke, kisha humfungulia chupa ya pili, na ladha ya samaki yule hupotea kabisa. Kosa si la mvinyo wala la mpishi, ila ni la neno "mweupe", ambalo limebebeshwa mzigo usio wake.

Yapo mambo mawili ambayo rangi haiwezi kuyasema, nayo ndiyo yanayoamua mvinyo huu ule na nini: ni zabibu zipi zimeingia katika mchanganyo na kwa kiasi gani, na mvinyo umekaa ndani ya pipa la mti kwa muda gani. Anayeyaelewa mawili hayo hana haja ya kukariri orodha ya vyakula, kwa sababu ataweza kuifikiria mwenyewe.

Rioja ni eneo la bonde la mto Ebro, kuanzia karibu na mji wa Haro upande wa magharibi, kupitia Logroño, hadi Alfaro upande wa mashariki, mwendo wa takriban kilomita 100. Kaskazini mwa bonde, milima ya Sierra de Cantabria huzuia sehemu kubwa ya mvua na upepo wa baridi unaotoka bahari ya Atlantiki. Kusini inasimama Sierra de la Demanda. Magharibi, katika Rioja Alta na Rioja Alavesa, hali ya hewa ni ya ubaridi zaidi na zabibu huiva polepole zikiwa bado na uchachu wake, ilhali mashariki, katika Rioja Oriental, joto na ukavu wa Mediterania huzipa zabibu sukari nyingi, na sukari hiyo ndiyo inayogeuka kuwa kileo. Jina la Rioja limelindwa kisheria tangu 1925, na mwaka 1991 eneo hili likawa la kwanza nchini Uhispania kupewa daraja la juu kabisa la majina ya mvinyo. Heshima hiyo, lazima isemwe, ililetwa na mvinyo mwekundu. Mizabibu ya zabibu nyeupe ni takriban sehemu moja tu ya kumi ya mashamba yote, na kwa miaka mingi hata Waspania wenyewe waliiona kama nyongeza.

Neno "kuchanganya" lina doa masikioni mwetu, kwa kuwa tumezoea kulisikia pamoja na maziwa yaliyotiwa maji au asali iliyotiwa sukari. Katika utengenezaji wa mvinyo maana yake iko karibu zaidi na kazi ya mpishi anayeandaa bizari ya pilau. Hakuna anayetia iliki ili kuficha ubaya wa mdalasini. Kila kiungo kinaleta kitu ambacho vingine havina, na ustadi uko katika kujua ni wakati gani kimoja kinaanza kuwafunika wenzake. Zabibu nyeupe za Rioja zina kasoro za wazi zikiwa pekee yake, na mchanganyo wa jadi ulizaliwa kutokana na kuzijua kasoro hizo kwa karne nyingi.

Msingi wa mchanganyo huo ni Viura, ambayo inachukua zaidi ya nusu ya mashamba ya zabibu nyeupe. Ndiyo zabibu ileile ambayo Wakatalonia, watu wa kaskazini-mashariki mwa Uhispania, huiita Macabeo na kuitumia, pamoja na Xarel·lo na Parellada, kutengenezea mvinyo wa mapovu wa Cava. Vichala vyake ni vikubwa na vilivyoshonana, mavuno yake ni mengi, na mizabibu yake huchelewa kuchipua, jambo linaloinusuru na baadhi ya baridi kali ya majira ya kuchipua inayounguza machipukizi machanga. Sifa yake kuu ni uchachu mzuri pamoja na subira: juisi yake haiharibiki upesi ikikutana na hewa. Kasoro yake ni kwamba harufu yake ni ya chini. Viura iliyovunwa kwa wingi kupita kiasi hutoa mvinyo safi lakini usio na neno la kusema, kama wali uliopikwa bila chumvi. Ikitoka kwenye mizabibu mizee, ambayo huzaa kidogo, huwa na ladha ya tofaa, limau na maua meupe, na zaidi ya yote huwa na nguvu ya kustahimili miaka. Nadhani wengi walioidharau Viura waliidharau kwa sababu walionja ile iliyolimwa kwa kutafuta ujazo tu.

Malvasía huleta kile ambacho Viura inakosa, yaani harufu. Hapa pana fundo la majina ambalo huwapoteza hata wasomaji makini. Mivinyo mingi hutengenezwa kwa zabibu zinazoitwa Malvasía, kuanzia Ugiriki hadi visiwa vya Canary, lakini nyingi kati ya hizo hazina undugu wowote zaidi ya jina. Malvasía ya Rioja, kwa uchunguzi wa vinasaba, ni zabibu ambayo kusini-magharibi mwa Uhispania huitwa Alarije na Katalonia huitwa Subirat Parent. Ikiiva vizuri ngozi yake hupata wekundu hafifu, na mvinyo wake hunukia machungwa, maua na asali, ukiwa na unono unaosikika ulimini. Ni zabibu dhaifu, hata hivyo, inayooza kwa urahisi mvua ikinyesha wakati wa mavuno na inayopoteza ubichi wake upesi, ndiyo maana wakulima wengi waliiacha walipopanda upya mashamba yao, wakaichagua Viura yenye mavuno ya uhakika. Katika mchanganyo, hata sehemu moja ya kumi ya Malvasía hutambulika.

Ya tatu katika jadi ni Garnacha Blanca, ambayo ni mgeuko wa asili wa Garnacha nyekundu. Inapenda joto la mashariki, hujaa sukari, na kwa hiyo huupa mvinyo kileo kingi na uzito mdomoni, pamoja na ladha ya pea iliyoiva na mimea kama shamari. Ikiachwa peke yake huweza kuwa nzito na yenye kuchoka upesi, hasa kwa kuwa juisi yake hugeuka rangi ikiguswa na hewa. Viura huipa uti wa mgongo, nayo humpa Viura mwili. Nikiona Garnacha Blanca katika orodha ya zabibu za chupa, hujua mara moja kwamba mvinyo huo utaweza kusimama mbele ya mchuzi.

Mwaka 2007 mamlaka ya Rioja iliongeza zabibu nyeupe zinazoruhusiwa. Tatu zilitoka nje ya eneo, yaani Chardonnay, Sauvignon Blanc na Verdejo, nazo ziliruhusiwa kwa sharti kwamba zisiwe ndizo zinazotawala mchanganyo. Nyingine tatu zilikuwa za nyumbani: Maturana Blanca, Turruntés na Tempranillo Blanco. Habari ya Tempranillo Blanco inastahili kusimuliwa. Mwaka 1988, katika kijiji cha Murillo de Río Leza, mkulima aliona kwamba tawi moja tu la mzabibu wake wa Tempranillo nyekundu, zabibu kuu ya mvinyo mwekundu wa Rioja, limezaa vichala vyeupe. Tawi lile lilichukuliwa, likachunguzwa na kuzalishwa, na mizabibu yote ya Tempranillo Blanco iliyopo duniani leo ni uzao wake. Mvinyo wake una uchachu mkali na harufu ya matunda ya joto kama nanasi na ndizi. Turruntés nayo, ambayo haihusiani na Torrontés ya Argentina, ni zabibu ileile inayoitwa kwingineko Albillo Mayor, na vinasaba vimeonyesha kwamba ni mmoja wa wazazi wawili wa Tempranillo. Kwa maneno mengine, mvinyo mwekundu uliolifanya jina la Rioja lijulikane dunia nzima una mzazi mweupe, na mzazi huyo karibu asahaulike.

Zamani mchanganyo ulianzia shambani. Mkulima alipanda Viura, Malvasía na nyinginezo bila kuzitenga, mara nyingi katikati ya mizabibu myekundu, akazivuna zote siku moja, na sehemu ya zabibu nyeupe iliingia hata katika mvinyo mwekundu ili kuupa wepesi na uchachu. Siku hizi aghalabu kila zabibu huvunwa inapoiva, huchachushwa peke yake, kisha mtengenezaji hukaa na sampuli na kupima: sehemu tisa za hii, moja ya ile. Njia zote mbili bado zipo, na wapo watengenezaji vijana wanaorudi kwenye mashamba ya mchanganyo kwa makusudi, wakiamini kwamba zabibu zilizochachuka pamoja huungana kwa namna ambayo haiwezekani kuigizwa baadaye.

Sasa tuje kwenye mti. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mashamba ya Ufaransa yalivamiwa na filoksera, mdudu mdogo anayeshambulia mizizi ya mzabibu, na wafanyabiashara wa Bordeaux wakavuka milima ya Pyrenees kutafuta mvinyo. Rioja ilikuwa karibu, na Haro ilikuwa tayari imefikiwa na reli, ndiyo sababu viwanda vingi maarufu vya mji huo vimejengwa kuzunguka kituo cha treni. Wafaransa walikuja na desturi yao ya kuhifadhi mvinyo katika mapipa ya mwaloni yenye ujazo wa lita 225. Mdudu yule aliwafuata, akafika Haro mwaka 1899, na mashamba yakalazimika kupandwa upya juu ya mashina ya mizabibu ya Kimarekani yanayomhimili. Lakini desturi ya pipa ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Tofauti na Bordeaux, Rioja ilizoea kutumia mwaloni wa Marekani, na uamuzi huo uliipa mivinyo yake harufu ambayo tutairudia tukifika jikoni.

Pipa hufanya kazi tatu kwa pamoja. Kwanza, mti wenyewe hutoa harufu: vanila, viungo vya kuoka, moshi mwepesi kutokana na moto uliotumika kupinda mbao. Pili, mbao hupitisha hewa kidogo kidogo, na hewa hiyo, ikiingia kwa miezi na miaka badala ya kuingia kwa ghafla, hugeuza ladha za matunda mabichi kuwa ladha za matunda makavu, asali, lozi na jozi, huku rangi ikielekea dhahabu. Tatu, mvinyo ukiachwa pamoja na mashapo ya chachu iliyomaliza kazi yake, hupata unono na harufu ya mkate uliotoka tanurini. Ikiwa uchachu mkali wa asidi ya malik, ileile ya tofaa bichi, utageuzwa na bakteria kuwa asidi laini ya laktiki kama ya mtindi, mvinyo hupungua makali na huweza kunukia siagi. Mapipa mapya hufanya kazi ya kwanza kwa nguvu; mapipa mazee, yaliyokwisha kutumika mara nyingi, karibu hayatoi harufu tena, ila yanaendelea kupitisha hewa. Ndiyo maana mvinyo unaweza kukaa kwenye pipa miaka mingi bila kunuka mbao.

Mfano bora ninaoujua ni wa kiwanda cha R. López de Heredia cha Haro, kilichoanzishwa mwaka 1877. Mvinyo wake mweupe wa Viña Tondonia Reserva huwa takriban sehemu tisa za Viura na moja ya Malvasía, nao hukaa miaka 6 katika mapipa mazee kabla ya kutiwa kwenye chupa, kisha hungoja tena miaka kadhaa gizani. Kiwanda cha Marqués de Murrieta, karibu na Logroño, kilitoa mvinyo wake mweupe wa Castillo Ygay wa mavuno ya 1986 baada ya kuuweka kwenye mapipa kwa zaidi ya miaka 20. Ni vigumu kumshawishi mtu aliyezoea kuambiwa kwamba mvinyo mweupe unyweke mwaka uleule kwamba jambo hili linawezekana, lakini linawezekana kwa sababu ya uchachu wa Viura na ulinzi wa mashapo, na kwa sababu watu walikubali kungoja.

Njia hiyo ilikaribia kufa. Kuanzia miaka ya 1970 viwanda vilinunua matangi ya chuma kisichoshika kutu yenye uwezo wa kupoozwa, na mvinyo uliochachushwa katika baridi ukawa mwepesi, safi, wenye harufu ya matunda mabichi na wa bei nafuu. Wanunuzi waliupenda, na wengi wakaliacha pipa. Silaumu mabadiliko hayo: mvinyo mchanga wa tangi la chuma una mahali pake mezani, na mahali hapo hapajazwi na kingine. Ninachosikitikia ni kwamba mivinyo miwili tofauti ilibaki na jina moja, bila mtu kumweleza mnunuzi.

Sheria ya madaraja nayo haisaidii sana. Mvinyo mweupe wa Rioja ukiandikwa Crianza, Reserva au Gran Reserva, lazima uwe umekaa angalau miezi 6 kwenye pipa; Reserva lazima iwe na umri wa angalau miaka 2 kwa jumla na Gran Reserva miaka 4. Msomaji makini ataona tatizo: kiwango cha chini cha pipa ni kilekile kwa madaraja yote matatu, kwa hiyo Reserva moja inaweza kuwa ya miezi 6 ya mti na nyingine ya miaka 6. Rangi ya muhuri wa nyuma, ambayo ni nyekundu kwa Crianza, zambarau iliyoiva kwa Reserva na buluu kwa Gran Reserva, inakupa sehemu tu ya habari. Maneno ya kutafuta kwenye chupa ni "fermentado en barrica", yaani mvinyo umechachushwa ndani ya pipa, na "sobre lías", yaani umekaa juu ya mashapo yake. Mvinyo usio na lolote kati ya haya, wenye muhuri wa kijani na wa mavuno ya karibuni, kwa kawaida ni mchanga wa tangi la chuma.

Kabla ya kutaja vyakula, inafaa kuuliza kwa nini samaki na mvinyo mweupe viliunganishwa tangu mwanzo. Sababu si rangi ya nyama. Mivinyo myekundu ina tanini, ambazo hukausha ulimi, na baadhi yake ina madini ya chuma ya kutosha kuitikia mafuta ya samaki na kuzusha ladha mbaya ya shombo inayobaki mdomoni. Mvinyo mweupe, unaotengenezwa kwa kukamua juisi na kuitenga na ngozi mapema, hauna tanini nyingi, na uchachu wake unafanya kazi ileile ya ndimu juu ya samaki wa kukaanga: hukata mafuta na kuamsha mate. Basi kinachotakiwa kulinganishwa ni uchachu na uzito. Chakula chenye uchachu, kama mchuzi wa nyanya au saladi ya siki, huhitaji mvinyo wenye uchachu usiopungua wake, la sivyo mvinyo utaonekana umepooza. Chumvi hulainisha uchachu, na ndiyo maana vyakula vya chumvi na mvinyo mkali hupatana. Sukari katika chakula huufanya mvinyo mkavu uonekane mchungu na mkali. Pilipili kali huongezewa moto na kileo. Uzito nao ni kama mzani: chakula laini humezwa na mvinyo mzito, na mvinyo mwepesi huzama ndani ya mchuzi mzito.

Meza ya bonde la Ebro inaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote, kwa kuwa mboga zake ni mashuhuri kama mvinyo wake. Katika majira ya kuchipua watu wa Navarra na La Rioja hula asparaga nyeupe, ambazo hufunikwa udongo zikue bila kuona jua, zikachemshwa na kuliwa na mafuta ya zeituni au mayonezi. Asparaga ina viambato vya salfa vinavyoufanya mvinyo mwingi uonje kama chuma, na artichoki, mboga nyingine ipendwayo huko, ina kiambato kinachoufanya mvinyo uonekane mtamu isivyo kawaida. Wapishi wa huko huziunganisha mboga hizi na njegere, baghala na karoti katika chakula kiitwacho menestra. Hapa pipa halifai kabisa, kwa sababu uchungu wa mti na uchungu wa mboga huongezeana. Mvinyo mchanga wa Viura, pengine ukiwa na sehemu ya Tempranillo Blanco au Sauvignon Blanc, hupita katikati ya mboga hizo bila kugombana nazo. Mvinyo huohuo ndio wa dagaa wa kukaanga, wa chaza, wa samaki wa kuchoma asiye na mchuzi, na wa mkate wa viazi na mayai ambao Waspania huuita tortilla.

Ngazi inayofuata ni bacalao a la riojana. Bacalao ni samaki wa bahari ya kaskazini aliyehifadhiwa kwa chumvi, ndugu wa karibu wa ng'onda wetu, na kama ng'onda lazima alowekwe kwanza, naye hulowekwa siku nzima au mbili huku maji yakibadilishwa mara kwa mara. Kisha hupikwa katika mchuzi wa vitunguu, nyanya na pilipili hoho nyekundu zilizokaushwa, tamu na zisizo na ukali. Kuna chumvi, kuna uchachu wa nyanya, kuna mafuta mengi ya zeituni na nyama inayotengana mabamba mabamba. Mvinyo mchanga hutosha kwa uchachu lakini hupungukiwa uzito. Mvinyo uliochachushwa kwenye pipa, wenye Viura kwa uti wa mgongo na Garnacha Blanca kwa mwili, unakidhi yote mawili, na sijui mlo mwingine ambao unaonyesha kwa uwazi zaidi faida ya kuchanganya. Chupa hiyohiyo itafaa kuku wa kuoka, viazi vilivyopikwa na soseji ya chorizo, na uyoga. Katika mtaa wa Laurel mjini Logroño, uliojaa vibanda vya vitafunio, kimojawapo cha vinavyopendwa zaidi ni uyoga uliokaangwa kwa kitunguu saumu, ukapangwa juu ya kipande cha mkate na kamba mdogo juu yake.

Mvinyo mzee wa Reserva au Gran Reserva, ule wa rangi ya dhahabu, unataka vyakula vyenye ladha inayofanana na umri wake. Jibini la Idiazábal, litokanalo na maziwa ya kondoo wa Wabaski na ambalo mara nyingi hupitishwa kwenye moshi, linapatana nao kuliko linavyopatana na mivinyo mingi myekundu, kwa sababu chumvi na mafuta ya jibini hukutana na uchachu badala ya tanini. Mlo ambao ningeuchagua kabla ya mingine yote ni kuku wa pepitoria, chakula cha kale cha Kihispania ambacho mchuzi wake huongezwa uzito kwa lozi zilizopondwa na kiini cha yai lililochemshwa, pamoja na zafarani. Lozi ziko kwenye bakuli na harufu ya lozi iko kwenye bilauri, na unono wa mchuzi unakatwa na uchachu ambao miaka yote ile haikuuondoa.

Hapa ndipo harufu ya mwaloni wa Marekani inapowahusu wasomaji wa Afrika Mashariki. Mti huo una wingi wa kiambato kiitwacho laktoni, ambacho pua ya binadamu hukisoma kama nazi. Mtu aliyekulia pwani, aliyeizoea harufu ya tui likianza kuchemka, huitambua katika mvinyo mweupe wa Rioja uliokaa kwenye mapipa mapya bila kuelekezwa. Kwa wale ambao dini au desturi yao haiwakatazi mvinyo, mchuzi wa samaki wa nazi usio na pilipili nyingi ni mwenzi wa kweli wa Crianza ya aina hii: tui lina mafuta yanayohitaji kukatwa, na harufu mbili za nazi, moja ya sufuria na moja ya pipa, huungana. Samaki wa kupaka anahitaji uangalifu zaidi, kwani ukwaju huongeza uchachu na pilipili huuwasha moto wa kileo. Kwake ningechagua mvinyo wa pipa wenye Viura nyingi na Garnacha Blanca kidogo, kisha ningeipunguza pilipili. Biriani ya viungo vikali ningeiacha inywewe na maji ya ndimu.

Jambo la mwisho ni joto la mvinyo wenyewe, ambalo huharibu chupa nyingi nzuri kuliko uchaguzi mbaya wa chakula. Mvinyo mchanga unapendeza ukiwa kati ya nyuzi 7 na 10 za Selsiasi. Mvinyo wa pipa unataka nyuzi 11 hadi 13, kwa sababu baridi kali hufunga harufu zote ambazo miaka ya kungoja ilizileta, ikabakiza uchachu na uchungu wa mti. Jokofu la nyumbani huwa karibu na nyuzi 4, kwa hiyo chupa nzee itolewe takriban nusu saa kabla ya kula, na kama chumba kina joto la Dar es Salaam au Mombasa, robo saa inatosha. Ifunguliwe mapema kidogo, imiminwe katika bilauri pana, na ionjwe mara ya kwanza inapofika mezani na mara ya pili sahani zinapokaribia kuisha, kwani katika muda huo ile harufu ya nta na lozi itakuwa imefunguka, na mvinyo wa mwisho wa bilauri utakuwa na mengi kuliko wa kwanza.